UZI: Sodo, basari na "mtoto wa kike". Kabla hujapiga makofi, uliza ni kazi ya nani

Kila msimu wa kampeni kuna sentensi moja ambayo lazima uisikie jukwaani: "Tutainua mtoto wa kike." Watu wanapiga makofi, wimbo unawekwa, msafara unaelekea kituo kinachofuata. Mimi nasoma sayansi ya siasa na hiyo sentensi inanikera. Si mbaya, shida yake ni kwamba haina mwenyewe. Nani atainua? Kwa pesa gani? Kwa sheria ipi? Leo tuifungue. Kama kawaida yetu hapa, sitataja mtu wala chama.

Tuanze na hoja inayoleta kelele nyingi zaidi: "Wasichana walishasaidiwa vya kutosha, sasa ni zamu ya mtoto wa kiume." Wanaosema hivyo hawajaitoa hewani. KCSE ya 2024 ilikuwa na watahiniwa 962,512. Wasichana walikuwa 482,202 na wavulana 480,310. Kwa hesabu ya vichwa, kitaifa, wasichana wamefika, na hata wamepita kidogo. Mtu akikuletea hii namba usimrushie matusi, mwambie ni kweli.

Halafu mwambie huo ni wastani wa nchi nzima. Wastani ni kama kuchukua joto la Lodwar na baridi ya Limuru, ukajumlisha, ukagawa kwa mbili, ukatangaza kwamba Kenya kuna hali ya hewa nzuri. Hakuna mtu anaishi kwa wastani.

Angalia utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022, ule wa KDHS. Wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kupata mimba walikuwa asilimia 15 kitaifa, kutoka 18 mwaka 2014. Hayo ni maendeleo. Lakini Samburu ilikuwa asilimia 50. Pokot Magharibi 36, Marsabit 29, Narok 28. Nyeri na Nyandarua? Asilimia 5. Hiyo ni nchi moja, Katiba moja, wimbo wa taifa mmoja. Msichana wa Samburu na wa Nyeri wanaimba "haki iwe ngao" kwa gwaride la asubuhi, lakini mmoja ana uwezekano mara kumi zaidi ya mwenzake wa kuwa amebeba mimba kabla ya kufika miaka 20.

Hapa naomba mtulie kidogo, kwa sababu wanasiasa hupenda kuitumia hii namba vibaya. Haisemi "asilimia 15 ya wanafunzi." Inahesabu wasichana wote wa umri huo, walio shuleni na wasio shuleni, walioolewa na wasioolewa, na ndani yake kuna wa miaka 18 na 19 ambao kisheria ni watu wazima. Ukisikia mtu jukwaani akisema "watoto wa shule asilimia 50 huko Samburu wana mimba," amechanganya mambo.

Utafiti huo huo ulionyesha kwamba kati ya wasichana wa umri huo ambao hawakusoma kabisa, karibu 4 kati ya 10 walikuwa wamewahi kupata mimba, na waliovuka sekondari walikuwa asilimia 5 tu. Watu huona hii na kusema shule huzuia mimba. Nusu ya ukweli. Inawezekana pia mimba ndiyo iliyozuia shule, na inawezekana umaskini ndio uliozuia vyote viwili. Mimi naamini vyote vinasukumana, na ndiyo maana mtu akileta dawa moja tu namtilia shaka.

Na mtoto wa kiume? Mimi ni kati ya wanaoamini hilo swali ni halali. Kuna sehemu wavulana wanaacha shule kufuata pesa ya haraka: bodaboda, mchanga, miraa, uvuvi. Lakini kinachomtoa mvulana darasani na kinachomtoa msichana mara nyingi ni vitu viwili tofauti. Mvulana anavutwa na pesa ya nje. Msichana anavutwa na nyumba: kuchota maji, kulea wadogo, mimba, kuozwa. Na mlango wa kurudi haulingani. Mvulana akimpa msichana mimba, mara nyingi yeye Jumatatu yuko darasani na hakuna anayejua. Msichana, tumbo linamtangazia. Kwa hivyo anayesema "tuwasaidie wote sawa" kwa kumaanisha tuwape kitu kile kile, hajawasaidia hata mmoja.

Sasa twende kwa sheria, maana hapa ndipo tunadanganywa zaidi. Watu hudhani kwamba wasichana wanaumia kwa sababu hakuna sheria. Wakenya, sheria tunazo za kujaza gunia. Katiba kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji iko tangu 2011, na adhabu yake haipungui miaka mitatu jela au faini ya shilingi 200,000. Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema hakuna kuolewa chini ya miaka 18. Sheria ya Watoto ya 2022 inarudia hayo. Kwa hivyo mwaniaji akikwambia "nitaleta sheria ya kumlinda mtoto wa kike," muulize kwa heshima: ipi, na hizi zilizopo zina kasoro gani unayotaka kurekebisha? Kama hana jibu, alikuwa anatafuta makofi tu.

Kazi ya nani, basi? Fungua Jedwali la Nne la Katiba. Ni kurasa chache na zinachosha, lakini ukizisoma hutawahi kusikiliza mkutano wa siasa vile ulivyokuwa ukisikiliza. Shule za msingi, sekondari, elimu ya watoto wenye mahitaji maalum, vyuo vikuu, mitihani: hizo zote ni za serikali ya kitaifa. Kaunti zimepewa chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, na vituo vya kulelea watoto. Basi.

Kwa hivyo mwaniaji wa ugavana akiahidi kujenga sekondari ya wasichana kila wadi, anaahidi kazi ambayo si yake. Anaweza kusema atakubaliana na serikali kuu kwa maandishi, na Katiba inaruhusu kuhamishiana majukumu. Lakini asipotaja hayo makubaliano, jua kuna siku utaambiwa "Nairobi ilikataa."

Hii si nadharia ya darasani. Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti aliwaandikia magavana kwamba kaunti haziwezi kuendelea kulipa basari za sekondari na vyuo vikuu bila makubaliano rasmi, kwa sababu hiyo si kazi yao. Magavana wakalalamika, na wazazi waliokuwa wameahidiwa wakabaki katikati wakiangalia. Na Septemba 2024, Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kwamba sheria ya NG-CDF, ile hazina ya maeneo bunge ambayo ndiyo inalipa basari nyingi za wabunge, inakiuka Katiba. Siasa za hiyo hazina ni uzi wake wa siku nyingine. Ninachotaka uone ni kwamba ahadi ya "basari kwa wasichana wote" inasimama juu ya pesa ambazo zenyewe zimepingwa kortini.

Tena hebu tuangalie hesabu yenyewe. Mwongozo wa karo wa wizara umekuwa ukimwekea mzazi wa shule ya bweni ya umma kati ya shilingi 40,535 na 53,554 kwa mwaka, kulingana na aina ya shule. Tuseme basari ni 5,000. Hata kwa shule ya bei ya chini, hiyo ni kama moja juu ya nane. Familia ambayo haina zile saba zingine, hiyo 5,000 inampa mtoto wiki chache tu kabla hajarudishwa nyumbani. Wengi wetu tumeona watu wakipanga foleni siku nzima kwa hundi ya aina hii, na picha ikapigwa, mbunge akicheka, hundi kubwa kama mlango. Sichukii basari. Zimesomesha watu ninaowajua. Lakini basari nyembamba iliyosambazwa kwa watu wengi ni nzuri kwa kura kuliko kwa karo.

Sasa sodo. Kenya iliondoa VAT kwa sodo mwaka 2004, na tulikuwa kati ya nchi za kwanza duniani kufanya hivyo. Mwaka 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ikarekebishwa: serikali lazima impe kila msichana aliyebaleghe, aliyesajiliwa katika shule ya umma, sodo za bure, za kutosha na za ubora, pamoja na mahali salama pa kuzitupa. Soma tena hayo maneno. Sheria inasema lazima. Haisemi "mheshimiwa akijisikia." Kwa hivyo pakiti ikija na picha ya mtu, jiulize kwa nini deni la serikali linalipwa kama zawadi ya mtu binafsi.

"Za kutosha" ndilo neno linalonisumbua. Tufanye hesabu ya mezani tu. Chukulia pakiti moja ni shilingi 60 na msichana anatumia moja kwa mwezi. Kwa mwaka ni 720. Na ni miezi 12, maana hedhi haijui likizo. Sasa linganisha: pesa zote ambazo serikali imepanga kwa mwanafunzi mmoja wa shule ya msingi, za vitabu, chaki, umeme na kila kitu, ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Sodo peke yake zingekuwa sawa na nusu yake. Hapo unaelewa kwa nini shule inapokea katoni mara moja kwa muhula, au mara moja kwa mwaka, kisha kimya. Anayeahidi "sodo za bure" bila kutaja bajeti anaahidi kitu ambacho tayari ni sheria na tayari kinashindikana. Swali la kumuuliza ni moja: kiasi gani, kutoka wapi?

Na zile sodo zitabadilishwa wapi? Shule ikiwa na choo kimoja kisicho na mlango wala maji, msichana atakaa nyumbani siku hizo hata ukimpa pakiti kumi. Maji na afya ya kaunti, hayo sasa NI ya gavana. Ona vile mambo yanageuka: mwaniaji wa ugavana ambaye hataji mtoto wa kike hata mara moja, lakini analeta bomba la maji hadi shuleni, anaweza kuwa amemfanyia msichana mengi kuliko yule anayeimba jina lake kila mkutano. Bomba linapunguza pia zile saa za asubuhi za kubeba mtungi. Barabara za kaunti vilevile, maana mto ukijaa ni nani anakosa shule?

Nimalize hili la kaunti kwa kitu ambacho sijasikia hata mwaniaji mmoja akikisema vizuri. Kenya ilianza sera ya kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua mwaka 1994, na mwaka 2020 wizara ikatoa mwongozo mpya wa kurudi shule. Kwa karatasi, mwalimu mkuu hana ruhusa ya kumfungia mlango. Viongozi wote wanaunga mkono. Safi. Lakini msichana wa miaka 16 ana mtoto wa miezi saba. Amerudi darasani. Mtoto ako na nani?

Mara nyingi ni na nyanya yake. Kama nyanya hayupo, au yuko sokoni akitafuta unga, msichana hatarudi, na mwongozo wa wizara utabaki kwenye kabati la ofisi. Sasa rudi kwa Jedwali la Nne. Vituo vya kulelea watoto ni kazi ya nani? Kaunti! Imeandikwa tangu 2010. Hii ni ahadi ambayo gavana na diwani wanaweza kutoa bila kuomba ruhusa Nairobi, bila kesi ya Mdhibiti wa Bajeti, bila makubaliano yoyote. Chumba, walezi wawili, uji, karibu na shule. Na kwa yule ambaye hataki tena kurudi kukaa na wadogo zake darasani, chuo cha ufundi cha kijijini pia ni cha kaunti. Lakini kituo cha kulea hakina utepe mrefu wa kukata, na mama wa miaka 16 hajafikisha umri wa kupiga kura. Nadhani hiyo ndiyo sababu hamkisikii jukwaani. Ni maoni yangu, pingeni.

Kuna kitu kimoja cha serikali kuu ambacho nakisifu, hata kama nyinyi hapa mmekitukana sana. Junia sekondari. Tangu 2023 Gredi ya 7 hadi 9 wanasomea kwenye shule za msingi. Malalamiko yana ukweli: maabara hakuna, walimu wachache. Lakini kwa msichana wa Marsabit au Tana River, inamaanisha haondoki nyumbani kwenda bweni akiwa na miaka 12 au 13. Kwa familia ya wafugaji, ule mruko wa kutoka shule ya kijiji hadi sekondari ya mbali, pamoja na godoro, sanduku na nauli, ndio ulikuwa unakata wengi. Sasa umesogezwa mbele mwaka mmoja. Haujaondolewa, umesogezwa tu. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 limeingia Januari 2026, na hapo karo ya bweni inarudi palepale. Serikali ina mgao wa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, lakini walimu wakuu wamelia kwa miaka kwamba zinafika zikiwa zimechelewa na zimepungua. Shule ikikosa mgao, inamgeukia mzazi. Mzazi mwenye watoto wawili na karo ya mmoja, atamchagua nani? Hapo ndipo mjadala wote wa mila na utamaduni unageuka kuwa mjadala wa Hazina Kuu kutuma pesa kwa wakati.

Wale wanaoachwa kabisa nje ya huu mjadala ni wawili. Wa kwanza ni msichana mwenye ulemavu. Ukisikia "mtoto wa kike" jukwaani, mara nyingi wanamwona anayetembea, anayeona, anayesikia. Choo ambacho kitimaji hakiingii (samahani, kiti cha magurudumu, hapa kwetu kila mtu na neno lake), mwalimu asiyejua lugha ya ishara, na mzazi anayeogopa kumpeleka bweni kwa sababu anajua akidhulumiwa huenda hataweza kueleza. Huo woga si wa kijinga.

Wa pili ni asiye na cheti cha kuzaliwa. Ule mfumo wa NEMIS wa kusajili wanafunzi ulidai cheti, na mgao wa pesa ukafuata waliosajiliwa. Mtoto aliyezaliwa manyattani, kilomita nyingi kutoka kliniki, anaweza kukaa darasani kila siku na bado kwa kompyuta hayupo. Shule inamlisha na kumfundisha kwa pesa ambazo hazikuhesabu kichwa chake. Akifika umri wa kitambulisho, tatizo linakuwa kubwa zaidi, na huwezi kujisajili kama mpiga kura bila kitambulisho au pasipoti. Kwa hivyo yule aliyeachwa nje na shule anaachwa nje na kura pia, na mwanasiasa hana sababu ya kumtafuta. Mduara umefunga.

Kuna mtu ataniuliza, "sasa tufanye nini na sisi tuko na simu na bando tu?" Sawa. Bajeti ya kaunti yenu ina kalenda ya kisheria. Mpango wa maendeleo wa mwaka unapelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mikakati ya fedha, kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti, kufikia Aprili 30. Kila hatua lazima wananchi washirikishwe, na mara nyingi watu wanaojaa ukumbini ni wale wa kamati na wanaofuata soda. Ingia, tafuta ukurasa wa chekechea na vituo vya kulelea watoto, uone kama kuna hata shilingi moja kwa vituo vya kulea. Piga picha ya huo ukurasa, uweke hapa chini na jina la kaunti. Nitazipanga kaunti zote 47 tukizipata.

Wiki ijayo: kanuni ya theluthi mbili ya jinsia, na kwa nini Bunge limeshindwa nayo tangu 2010.